Kukata, Kupogoa na Kulinda: Mvutano wa Wapogoaji wa Miti na Mamlaka za Jiji katika Ukanda wa Port Bell, Kampala

Ikisiri

Makala haya yanafafanua chanzo cha mvutano unaojitokeza kati ya mafundi wanaoishi kwa kukata na kupogoa miti mijini na mamlaka zenye wajibu wa kuilinda miti hiyo. Mahali panapoangaliwa ni ukanda wa Port Bell na Luzira, Tarafa ya Nakawa, jijini Kampala, ambako sheria za mji, za ziwa, za misitu na za umeme hukutana juu ya kipande kimoja cha ardhi. Hoja kuu ni kwamba mvutano huu una mizizi mitatu: wingi wa mamlaka juu ya mti mmoja, sheria inayolinda eneo au aina ya mti badala ya mti wenyewe, na lugha ya vibali isiyotenganisha kazi ya kuua mti na kazi ya kuutibu. Makala yanalinganisha hali hiyo na amri za kuhifadhi miti nchini Uingereza na tukio la mkuyu wa Waiyaki Way, Nairobi, kisha yanapendekeza utaratibu wa kibali kimoja chenye msamiati bayana wa Kiswahili na Kiganda.

Istilahi za msingi: kupogoa, amri ya kuhifadhi mti, kibali, ukanda wa hifadhi, dhamana ya umma

1.0 Utangulizi

Mti ulioota katika kiwanja cha mtu mjini una wenyewe wengi. Mwenye kiwanja huuhesabu kuwa mali yake. Jirani huuogopa kila upepo wa masika unapovuma. Kampuni ya umeme huuona kuwa hatari kwa nyaya. Mamlaka ya mazingira huuona kuwa sehemu ya ngozi ya ziwa, na mamlaka ya jiji huuona kuwa kivuli cha barabara. Kati ya wote hao husimama mtu mmoja mwenye kamba, panga na msumeno wa injini, ambaye ameitwa aje kuushughulikia na ambaye atalipwa ujira wa siku. Pakitokea ugomvi, yeye ndiye anayekutwa juu ya mti.

Mtu huyo hajapata jina moja lililokubalika katika Kiswahili. Watu humwita mkata miti, jina linalomweka katika kundi moja na mchoma makaa na mvuna mbao wa magendo. Katika makala haya anaitwa mpogoaji, kutokana na kitenzi kupogoa, yaani kukata matawi ya mti ulio hai kwa nia ya kuutunza, kuupunguza au kuuondolea hatari. Uteuzi wa jina hili una uzito katika hoja, kwa kuwa, kama itakavyoonyeshwa katika sehemu ya nne, sehemu ya mgogoro imo katika vitenzi vyenyewe.

Makala yanaanza kwa kueleza mahali, yanafuatia na tabaka za sheria, kisha lugha ya kazi na ya kibali, mfano wa namna mvutano unavyozaliwa, ulinganisho na kwingineko, na mwisho mapendekezo.

2.0 Port Bell: Ufuo Ulioamriwa Kufyekwa, Kisha Kulindwa

Port Bell ni bandari ya Kampala katika ghuba ya Murchison, Ziwa Viktoria, ambalo Waganda huliita Nnalubaale. Imepewa jina la Hesketh Bell, aliyekuwa Kamishna na baadaye Gavana wa Uganda katika muongo wa kwanza wa karne ya 20. Inaunganishwa na jiji kwa reli na kwa barabara inayopitia Nakawa, Bugolobi na Kitintale hadi Luzira. Kando yake kuna gereza kuu la Luzira, kiwanda cha bia, maghala, makazi ya watu wa kipato cha chini na nyumba za matajiri zinazotazama maji.

Historia ya ufuo huu ina somo kwa mada yetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu zaidi ya 200,000 katika mwambao na visiwa vya ziwa upande wa Uganda. Ilipofahamika kuwa ugonjwa huo huenezwa na mbung'o wakaao katika vichaka vya ufuoni, utawala wa Bell uliamuru kuanzia mwaka 1906 kwamba wakazi wahamishwe hadi maili 2 kutoka ukingo wa maji. Penye gati zilizohitajika kwa usafiri, vichaka na miti vilifyekwa ili kumnyima mbung'o kivuli. Wakati huo, raia mwema alikuwa yule aliyefyeka.

Chini ya miaka 100 baadaye, amri iligeuka. Kanuni za Taifa za Mazingira kuhusu Ardhioevu, Kingo za Mito na Fuo za Maziwa za mwaka 2000 ziliweka ukanda wa hifadhi wa mita 200 kutoka alama ya chini ya maji katika maziwa makubwa, Ziwa Viktoria likiwemo. Ndani ya ukanda huo, uoto wa asili hauondolewi bila idhini. Raia mwema sasa ni yule anayeacha.

Amri zote mbili zilikuwa na sababu ya afya. Ya kwanza ilihusu malale. Ya pili inahusu maji: mfereji wa Nakivubo huleta maji machafu ya Kampala hadi ghuba hiyohiyo ya Murchison, na mitambo ya Ggaba huvuta maji ya kunywa ya jiji kutoka humo. Mizizi na majani ya ufuoni na ya ardhioevu huchuja sehemu ya uchafu huo na kushikilia udongo. Maji ya ziwa yalipopanda hadi mita 13.42 katika kipimo cha Jinja mwezi Mei 2020, na kuipita kidogo rekodi ya mwaka 1964, fuo za Kampala zilifurika na watu wengi walikumbuka kwa nini ukanda wa mita 200 uliwekwa. Hata hivyo, mkazi wa kawaida hurithi kumbukumbu ya serikali iliyobadili kauli, na si rahisi kumwambia kuwa mti ambao babu yake aliambiwa aukate leo ni kosa kuugusa.

3.0 Mti Mmoja, Sheria Nyingi

Ili kuelewa ugumu anaokabiliana nao mpogoaji, tunahitaji kuzipanga sheria zinazohusika kwa tabaka.

Tabaka la kwanza ni la Katiba ya Uganda ya mwaka 1995. Ibara ya 39 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 237 inasema ardhi ni ya raia, lakini inaipa serikali jukumu la kushikilia maziwa, mito, ardhioevu na hifadhi za misitu kwa dhamana ya wananchi. Wakati huohuo, Ibara ya 26 inalinda mali ya mtu binafsi. Mti ulio kiwanjani karibu na ziwa unaangukia katikati ya ibara hizi.

Tabaka la pili ni la misitu. Sheria ya Taifa ya Misitu na Upandaji Miti ya mwaka 2003 inatambua hifadhi kuu, hifadhi za serikali za mitaa, misitu ya jamii na misitu ya watu binafsi, na inaweka misingi ya kulinda aina za miti zenye thamani maalumu. Mahakama imeonyesha kuwa dhamana ya umma si maneno matupu: katika kesi ya shirika la ACODE dhidi ya Mwanasheria Mkuu kuhusu hifadhi ya Butamira, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2005 kwamba serikali ilikiuka dhamana hiyo ilipotoa hifadhi kwa kilimo cha miwa. Miaka 2 baadaye, tarehe 12 Aprili 2007, watu waliandamana Kampala kupinga mpango wa kutoa takribani hekta 7,100 za msitu wa Mabira kwa kampuni ya sukari, na maandamano hayo yaligharimu maisha. Tangu hapo, suala la miti nchini Uganda limekuwa suala la siasa, na ofisa yeyote anayeruhusu mti ukatwe anajua kuwa anatazamwa.

Tabaka la tatu ni la mazingira kwa jumla. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 inaipa mamlaka ya NEMA uwezo wa kutoa amri ya kurejesha mazingira yaliyoharibiwa na kutoza faini za papo kwa papo. Faini huhesabiwa kwa vipimo vya sarafu, kila kimoja kikiwa shilingi 20,000 za Uganda. Kwa kampuni inayojaza kifusi ardhioevu, vipimo kadhaa ni gharama ya biashara. Kwa mpogoaji anayelipwa kwa siku, ni kufilisika.

Tabaka la nne ni la jiji. Sheria ya Jiji Kuu la Kampala ya mwaka 2010 iliunda mamlaka ya KCCA, ambayo ilianza kazi mwaka 2011 ikiwa na tarafa tano, Nakawa ikiwa mojawapo. Anayetaka kukata mti jijini hutakiwa kuomba idhini kwa maofisa wake wanaohusika na mandhari na mazingira, ambao huukagua mti na kuamua.

Tabaka la tano ni la huduma. Sheria ya Umeme ya mwaka 1999 inampa mwenye leseni ya kusambaza umeme uwezo wa kukata matawi yanayokaribia nyaya. Kazi hiyo ilifanywa chini ya kampuni ya Umeme hadi mkataba wake ulipokwisha tarehe 31 Machi 2025, kisha ikarudi kwa shirika la umma la UEDCL. Vilevile, mti ulio kando ya reli ya Port Bell umo katika eneo ambalo shirika la reli lina sauti yake.

Tabaka la sita ni la sheria isiyotungwa na bunge. Kupitia Sheria ya Mahakama, Uganda inatumia pia sheria ya kimila ya Kiingereza, ambayo tangu kesi ya Lemmon dhidi ya Webb ya mwaka 1895 imemruhusu jirani kukata matawi yaliyovuka mpaka wake bila kutoa ilani, mradi asiingie kwa mwenziwe. Waganda nao wana kaida zao. Mutuba, mtini utoao nguo ya gome iitwayo lubugo, ni mti wa heshima kiasi kwamba jina lake limekuwa jina la tawi la ukoo: ukoo hugawanyika katika masiga, siga katika mituba, na mutuba katika nnyiriri. Kuukata mutuba uliopandwa na wazee ni jambo la kujadiliwa na jamaa, hata pale ambapo hakuna ofisa anayeuliza.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba sehemu kubwa ya tabaka hizi hailindi mti huu au ule. Hulinda eneo, kama vile mita 200 za ufuo. Au aina, kama vile mvule. Au matumizi, kama vile barabara. Mti wenyewe hauna namba, hauna hati na hauna alama. Mpogoaji anayefika asubuhi hawezi kuutazama na kujua kama unalindwa.

4.0 Kitenzi Kimoja, Kazi Nyingi

Sheria hizi zimeandikwa kwa Kiingereza. Kazi hufanywa kwa Kiganda, Kiswahili na lugha nyingine za wafanyakazi waliohamia Luzira. Katika kuvuka kutoka lugha moja kwenda nyingine, mambo mawili hupotea.

La kwanza ni tofauti ya vitenzi. Kiganda kinatenganisha okutema, yaani kukata kwa kupiga panga au shoka, na okusalira, yaani kupogoa, kitenzi ambacho kila mkulima wa kahawa anakijua. Kiswahili nacho kina utajiri wa kutosha: kuangusha mti mzima, kupogoa matawi, kukata kilele, kukwanyua, yaani kulirarua tawi kwa nguvu hadi likaacha jeraha shinani, kubambua gome, na kung'oa kisiki. Katika mazungumzo ya ofisini, hata hivyo, yote haya huwa ni "kukata mti". Mwombaji anaposema anataka kukata, ofisa husikia kuangusha na hukataa. Au ofisa akiruhusu "kukata", mwenye kiwanja huelewa kuwa ameruhusiwa kuangusha, ilhali kilichokusudiwa ni kupunguza matawi.

La pili ni maarifa ya kazi yaliyomo katika vitenzi hivyo. Tawi likikatwa nje kidogo ya uvimbe ulio shinani mwake, mti hufunika jeraha taratibu. Likikatwa ndani ya uvimbe huo, au likikwanyuliwa, kuvu huingia na kuoza huelekea kwenye shina. Kukata kilele cha mti mkubwa huonekana kuwa njia ya kuupunguzia hatari, lakini mara nyingi huongeza hatari hiyo: machipukizi mapya huota kwa wingi juu ya jeraha, yakiwa yameshikiliwa na tabaka jembamba la nje, na baada ya miaka michache huanguka kwa upepo mdogo. Kwa hiyo kibali kinachosema tu "kupunguza urefu" kinaweza kuwa hukumu ya kifo iliyocheleweshwa, huku rekodi ikionyesha kuwa mti ulihifadhiwa.

Mfano wa gome unaonyesha vizuri ugumu wa kutunga katazo bila msamiati. Mafundi wa lubugo huubambua mutuba gome lake kila mwaka, kisha hulifunga shina kwa majani ya mgomba ili gome jipya liote. Mti huishi na huendelea kuvunwa kwa miongo. UNESCO iliitambua sanaa hii mwaka 2005. Lakini mtu anayezungusha mkato wa kina kuzunguka shina ili mti ufe polepole, na hivyo apate kisingizio cha kuuondoa, naye "anabambua gome". Katazo la jumla humfunga fundi wa kwanza. Ruhusa ya jumla humfungulia mlango wa pili. Sheria ikikosa maneno mawili, haiwezi kutenda haki mbili.

5.0 Jinsi Mvutano Unavyozaliwa

Tuchukue mfano wa kufikirika, uliotungwa ili kuonyesha mwenendo wa jambo. Mwenye nyumba Luzira ana mfenesi mkubwa. Upande mmoja matawi yake yanaelemea paa la jirani. Upande wa pili yanagusa nyaya. Na kiwanja kiko mita 150 kutoka ziwani. Mvua za Septemba zinakaribia. Jirani amelalamika kwa mwenyekiti wa LC I, ambaye ameandika barua kuonyesha kuwa mti ni hatari. Mwenye nyumba anamwita mpogoaji, anamwonyesha barua yenye muhuri, na kazi inaanza.

Mpogoaji ameona muhuri, na kwake muhuri ni ruhusa. Lakini barua ya LC I ni ushahidi wa malalamiko tu. Idhini ya jiji haijaombwa, mamlaka ya mazingira haijaulizwa kuhusu ukanda wa ziwa, na kampuni ya umeme haijaambiwa izime laini. Mpita njia mmoja akipiga simu, ofisa atakayefika atakuta kosa likitendwa mbele ya macho yake. Mwenye nyumba yuko kazini mjini. Jirani anasema hakuagiza. Mwenyekiti anasema aliandika tu. Anayebaki na wa kujibu ni aliye juu ya mti, na msumeno wake, ambao ndio mtaji wake wote, huwa ndicho kielelezo.

Sasa tuugeuze mfano. Mpogoaji yuleyule ana busara na anakataa kazi hadi kibali kipatikane. Mwenye nyumba anaomba. Majibu yanachelewa kwa sababu kila ofisi inasubiri nyingine. Mvua zinanyesha, tawi linaangukia paa la jirani. Hakuna ofisa anayelaumiwa kwa tawi ambalo hakulikata. Hapa ndipo penye kiini cha mgogoro: ofisa huadhibiwa kwa mti ulioangushwa, si kwa mti ulioanguka, mpogoaji huadhibiwa kwa kufanya kazi, na hupoteza mkate kwa kuikataa. Kila mmoja anatenda kwa akili akiangalia hatari inayomhusu, na jumla ya busara zao ni mji usio salama.

Kuna pia matokeo yasiyoonekana. Pale ambapo kibali ni kigumu na faini ni kubwa, kazi huhamia usiku na siku za sikukuu. Inafanywa haraka, bila kamba za kutosha na bila mtu wa kuzuia barabara. Mwenye kiwanja anayetaka kujenga hujifunza kuwa mti mkubwa ni mzigo, hivyo huondoa miche kabla haijawa mikubwa. Sheria iliyokusudiwa kuongeza miti huweza kuipunguza.

Haina maana kwamba mamlaka hazina hoja. Kampala imejengwa juu ya vilima na mabonde, na kila mti unaoondoka mlimani huongeza maji yanayoteremka kwenye mitaa ya chini. Thamani ya viwanja vya ufuoni ni kubwa, na "mti hatari" ni kisingizio rahisi kwa anayetaka kusafisha eneo la kujenga. Mahitaji ya kuni na makaa mjini huufanya kila mti ulioanguka kuwa fedha. Hata malalamiko ya kweli huchanganyika: watu huomba mti ukatwe kwa sababu kalooli, ndege wale wakubwa wanaokula jalala la jiji, wamejenga viota na wanachafua magari yaliyo chini. Ofisa asiyeuliza maswali angekuwa amekwisha kuuacha mji uchi.

6.0 Ulinganisho: Uingereza na Nairobi

Uingereza ina chombo ambacho kimeshughulikia tatizo hilihili kwa muda mrefu, nacho ni amri ya kuhifadhi mti. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 1990, mamlaka ya mtaa inaweza kutoa amri juu ya mti mmoja, kundi la miti au kisitu, pamoja na ramani inayoonyesha mahali hasa. Amri huanza kwa muda na huhitaji kuthibitishwa ndani ya miezi 6, baada ya wahusika kupewa nafasi ya kupinga. Tangu hapo ni kosa kuuangusha, kuukata kilele, kuupogoa, kuung'oa au kuuharibu kwa makusudi bila idhini. Vitenzi hivyo vimetajwa kimoja kimoja.

Mambo manne katika utaratibu huo yanafaa kuangaliwa. Kwanza, mamlaka ina wiki 8 za kuamua ombi, na mwombaji ana haki ya rufaa. Pili, mti uliokufa au wenye hatari unaweza kushughulikiwa kwa ilani ya siku 5 za kazi, na hatari ya papo hapo haisubiri. Tatu, akinyimwa idhini kisha akapata hasara iliyotabirika, mwenye mti anaweza kudai fidia. Nne, lawama humwangukia aliyekata na pia aliyesababisha au kuruhusu kukatwa. Mpogoaji wa huko huanza kazi kwa kuuliza ofisi ya mtaa kama mti una amri, na jibu lipo kwenye rejesta.

Lakini chombo kizuri hakiondoi ugomvi. Katika mji wa Sheffield, baraza lilisaini mwaka 2012 mkataba wa miaka 25 na kampuni ya Amey wa kukarabati barabara, uliohusisha kuondoa maelfu ya miti ya kando ya njia. Wakazi walipinga. Mwezi Novemba 2016, katika barabara ya Rustlings, wafanyakazi waliletwa kabla ya mapambazuko wakisindikizwa na polisi, na baadhi ya wakazi wakakamatwa. Uchunguzi wa Sir Mark Lowcock, uliochapishwa Machi 2023, ulililaumu baraza kwa mwenendo wake, nalo likaomba radhi. Huko mvunja imani alikuwa mlinzi mwenyewe, na wapogoaji walijikuta wakizomewa kwa kutekeleza mkataba ambao hawakuuandika.

Nairobi inatoa funzo jingine. Mwaka 2020 ujenzi wa barabara kuu ya juu ulipofika Westlands, mkuyu mkubwa wa Waiyaki Way, ambao umri wake ulikadiriwa kufikia miaka 100, ulikuwa katika njia ya ujenzi. Mti huo, mugumo kwa Wagikuyu, una heshima ya kidini. Baada ya wanaharakati kupaza sauti, mwezi Novemba tamko la Rais Uhuru Kenyatta liliuhifadhi. Mti uliokoka, lakini uliokolewa na neno la mtu mmoja mkubwa kwa ajili ya mti mmoja mashuhuri. Miti isiyo na jina haina wa kuisemea, na mji hauwezi kuendeshwa kwa matamko.

7.0 Mapendekezo

Kutokana na uchambuzi huu, makala yanapendekeza mambo sita kwa ukanda wa Port Bell, ambayo yanaweza kufaa kwingineko Afrika Mashariki.

Kwanza, kibali kiwe kimoja na dawati liwe moja. Mwombaji apeleke ombi katika tarafa, na tarafa ndiyo iulize mamlaka ya mazingira, ya umeme au ya reli. Mzunguko wa ofisi usiwe mzigo wa raia.

Pili, fomu itaje kazi kwa vitenzi bayana, kwa Kiswahili na Kiganda pamoja na Kiingereza: kuangusha, kupogoa, kukata kilele, kubambua gome, kung'oa kisiki. Kila kimoja kiwe na maelezo mafupi na mchoro. Uganda iliifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005; fomu ya kibali ni mahali padogo na pa maana pa kuanzia.

Tatu, kuwe na muda. Ombi la kupogoa lijibiwe kwa siku zilizotajwa, na ombi la hatari ya dharura liruhusu kazi kufanyika kwanza na taarifa yenye picha kufuata.

Nne, miti mikubwa ya ukanda huu iandikwe katika rejesta yenye namba na ramani, kuanzia ile ya kando ya barabara na ya ufuoni. Mti wenye namba unaweza kuulizwa, kulindwa na kutolewa ushahidi.

Tano, wapogoaji waandikishwe na wafunzwe. Mwenye cheti awe na haki ya kuonyeshwa kibali kabla ya kuanza, na wajibu wa kukataa kazi isiyo nacho. Aliyeagiza kazi awajibike sawa na aliyeitenda.

Sita, kila mti unaoangushwa kwa kibali ufuatiwe na mti unaopandwa na kukaguliwa baada ya misimu 2 ya mvua, kwa kuwa mche uliopandwa na kuachwa hauhesabiki.

8.0 Hitimisho

Mpogoaji na ofisa wa miti huonekana kuwa mahasimu, ilhali wote wawili wana maslahi katika jambo moja: mti mkubwa unaoweza kuendelea kusimama bila kumwua mtu. Kinachowatenganisha ni utaratibu unaomfanya ofisa aogope kusema ndiyo, na mpogoaji aogope kuuliza. Ufuo wa Port Bell umekwisha kuonja amri mbili zinazopingana ndani ya karne moja, ya kufyeka na ya kuacha, na zote zilitolewa kutoka juu kwa watu waliotakiwa kutii tu. Amri ya tatu, kama itakuja, inafaa ijengwe na wanaoujua mti kwa mikono yao, na iandikwe kwa maneno wanayoyatumia wanapoupanda. Wanaisimu wa Kiswahili wana kazi katika hilo: kuipa sheria vitenzi vya kutosha, ili aliyepogoa asihukumiwe pamoja na aliyeangusha.